Pasaka Bado Haijaisha

Bwana Yesu asifiwe, ndugu na dada zangu wa Kisumu, Vihiga, Busia, nanyi mlio mbali na nyumbani. Kristo amefufuka!

Najua salamu hizi zinawakuta mmechoka. Njia ya Msalaba juani siku ya Ijumaa Kuu, mkesha wa Jumamosi, kisha Jumapili wageni na sufuria. Leo Jumatatu wengine wako stendi wanagombania matatu za kurudi Nairobi. Ndiyo maana naandika leo, si jana.

Kufunga tunajua. Siku 40 za Kwaresima tulizishika, kama si kwa nyama basi kwa sukari ya chai. Lakini Kanisa limetupa siku 50 za kushangilia, kutoka Pasaka hadi Pentekoste, nasi tunazimaliza kwa chapati za mchana mmoja. Huo, kwangu mimi, ni ufukara wa kujitakia.

Mwaka huu nimekaa na sura ya 21 ya Injili ya Yohana. Wavuvi wa omena pale Dunga wataielewa upesi: Pasaka huja karibu na mwezi mpevu, na mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwini hazivuti samaki. Petro na wenzake nao walikesha ziwani wakaambulia patupu. Kulipopambazuka, Yesu yuko ufukweni, samaki na mkate juu ya makaa: "Njoni mfungue kinywa." Hakuanza na lawama. Petro alimkana mara tatu akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu; sasa anaulizwa mara tatu kama anampenda, tena penye makaa, ila ameshakula. Kazi ya kulisha kondoo alipewa baada ya hapo.

Mama wa jumuiya uliyepikia watu tangu Alhamisi, mwanakwaya uliyekauka sauti, nawe katekista: ninyi mmekula nini? Msiniambie pilau. Keti hata robo saa kabla watoto hawajaamka, uisome sura hiyo polepole, wala usiitafutie mahubiri ya kumpa mtu mwingine. Hiyo ni yako.

Wa shambani, palizi njema, mvua isiwazidie. Wasafiri, mfike salama. Na jumuiya zikikutana wiki hii, aleluya ziimbwe kwa sauti ileile ya Jumapili.