Kitendawili ndani ya bakuli la faluda

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ni mvua tu na foleni. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza nawafundishaje wanafunzi wa udaktari altrasaundi, ilhali mashine ni moja na wao ni hamsini. Shoga, tunacheza.

Wazo si langu. Wamarekani wana mashindano yao ya altrasaundi, SonoGames, tangu 2012. Madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya dharura hupambana kwa timu za watu watatu watatu, na wengine huja wamevaa mavazi ya vichekesho. Kwanza nilicheka. Kisha nikawafikiria wanafunzi wangu, wanaojificha nyuma ya wenzao wakiiona probu, kile kishikio cha mashine kinachopitishwa juu ya ngozi, nikaona kheri niige.

Sina pesa ya kununua miili ya plastiki ya kufanyia mazoezi, kwa hiyo nimeingia jikoni. Nachemsha agari, ile ile ya faluda, bila maziwa wala hiliki. Naongeza kijiko cha unga, maana jeli tupu kwenye kioo cha mashine huonekana nyeusi kama maji, na unga ndio unaoipa ule ujivujivu wa nyama. Ikianza kushika, nazika vitu: zabibu, goroli inayotupa kivuli cheusi nyuma yake kama jiwe la nyongo, na kidole cha glavu kilichojazwa maji, ndio uvimbe wetu. Angalia mapovu! Hewa kidogo tu inaharibu picha yote.

Basi kundi moja linasema "Kitendawili!", jingine linaitikia "Tega!" na kushika probu. Wataje kilichozikwa, kiko kina gani, na kina maji au ni kigumu. Wakishindwa, watoe mji. Kuna kundi limeshachukua Tanga, Kigoma na Bukoba, sasa wanaitaka Zanzibar.

Lakini mchezo ninaoupenda ni mwingine. Mshika probu anakipa kioo mgongo. Mwenzake anakitazama kioo ila haruhusiwi kugusa chochote, anasema tu: teleza, inamisha, zungusha, bonyeza. Mwanzoni ni kelele tupu. "Kushoto!" Kushoto kwa nani? Kwako, kwa mgonjwa, au kwa kioo? Hapo ndipo wanapoikumbuka ile alama ubavuni mwa probu, inayokuonesha upande upi wa probu ni upi kwenye kioo, niliyoihubiri wiki tatu bila mtu kunisikia. Nina binti mmoja mkimya, darasani humsikii. Kwenye mchezo huu hashindiki. Maneno yake ni machache, na kila neno linaupeleka mkono mahali pake.

Nilipokosea mimi ni kwenye saa. Niliweka dakika mbili za kutafuta ile nafasi kati ya ini na figo ya kulia, pale damu ya aliyeanguka na bodaboda hupenda kutuama akilala chali. Kijana mmoja, mbio mbio, akapiga kelele: "Damu!" Aliyelala kitandani ni mwenzao, mzima kabisa. Ilikuwa Alhamisi naye kafunga sunna, mfuko wa nyongo umejaa pomoni kwa kuwa hajala tangu alfajiri, ndio ule weusi alioukuta. Tulicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nawazoesha haraka ya kutangaza. Saa nimeiondoa. Siku hizi hakuna pointi mpaka ukioneshe kitu kwa pande mbili, kwa urefu na kwa upana, na anayesema "sijapaona vizuri" hapotezi kitu.

Wanaolala kitandani wanajitolea wenyewe, na wasichana tunawawekea pazia. Na wakubaliane mapema nani ataambiwa kikionekana kitu kisicho cha kawaida, maana siku moja kitaonekana.

Jambo jingine: bakuli ukiliweka kwenye friji ya nyumbani, liandike. Mwanangu alishachota kijiko, akakuta kidole cha glavu kinamwangalia. Tangu siku hiyo faluda haili, hata ya Idi.

Nijibu upesi kama mashine yenu ina probu ya tumbo, ile iliyopinda, au ni ile bapa peke yake. Bapa itakufaa kwa bakuli na mishipa ya juu juu, ila kwenye ini na figo haifiki ndani vya kutosha, itabidi tukutafutie mchezo mwingine.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako.