Nakuja na Honda ya Mzee

Tabata, Dar es Salaam
29 Juni

Ndugu yangu Baba Tumaini,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi sote hatujambo, isipokuwa mama watoto, ambaye tangu Jumapili ananijibu kwa neno mojamoja, na sababu yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Shemeji hajambo? Bibi harusi wetu je, ameshaanza kufichwa ndani? Huko Tukuyu najua mwezi huu mnalala na mablanketi mawili.

Siku ile kwenye simu nilikujibu nusunusu kwa kuwa mke wangu alikuwa karibu. Sasa nakueleza wazi: nakuja harusini na pikipiki. Ile ile Honda CG125 ya Mzee, iliyokuachia kovu kwenye shavu la mguu wa kulia siku uliporukia upande wa ekzosi, tuko darasa la sita. Usicheke. Na ile nauli ya basi uliyonitumia nimenunulia tairi, kwa hiyo suala la basi halipo tena.

Ulisema nifunge injini mpya ya Kichina, yaishe. Ndugu yangu, hizo injini za fimbo unazoziona kwenye bodaboda nyingi za Kichina zilichongwa kwa kuigiza hii hii. Honda walianza kuiuza mwaka 1976, wakiwalenga watu wenye barabara kama zetu na gereji kama zetu, za chini ya mwembe. Haina mnyororo wa taimingi wa kulegea. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Hata chujio la oili la karatasi haina. Kuna kikombe kinachozunguka na krenki, kinazirusha taka pembeni zinaganda humo, wewe unakifungua mara chache sana na kukifuta. Unaniambia nimfukuze babu nyumbani nimlete mjukuu asiyejulikana tabia! Faida ya undugu huo ni kwamba ukienda Kariakoo na kifaa cha zamani mkononi, ukikilinganisha na vya mjukuu kimoja kimoja, gasketi na sahani za klachi unapata kwa bei ya bodaboda. Ila usinunue kwa jina. Pima kwanza. Nimerudisha vitu viwili ambavyo muuzaji aliniapia kwamba "vinaingia tu".

Tangu Mzee atutoke ilikaa miaka minne kwenye banda la nyuma, kuku wakitagia kwenye siti. Nilipoitoa sikugusa injini kwanza, nilifungua tangi nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Pekundu kama kichuguu. Hapo ungepiga kiki kwa tamaa, kutu yote ingeshuka kwenye kabureta na ungesumbuka mwezi mzima. Nilishusha tangi, nikaziba tundu la koki kwa kipande cha mpira, nikamimina siki chupa kadhaa na konzi tatu za kokoto zenye makali, kisha jioni tatu mfululizo nikawa nalitikisa mbele ya taarifa ya habari. Siki ilikuwa ya kachumbari. Ugomvi wa kwanza na mama watoto ulianzia hapo. Baadaye nikalisuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikalianika juani kutwa, nikazungushia petroli yenye oili kidogo ili kutu isirudi. Nimeweka na chujio dogo la kuona ndani kwenye mpira wa petroli, nione kama bado linashusha.

Kwenye oili nilipata pigo. Injini hii inakula lita moja kasoro kidogo, kazi ya dakika kumi, nikasema nimpelekee kijana wa gereji moja ya hapa jirani anisaidie. Akachukua spana ndefu, akaegemea nati ya chini ya kumwagia oili kwa uzito wake wote kana kwamba anafunga gurudumu la Fuso. Aluminiamu haitaki hivyo. Nyuzi zikatoka kama nywele za mahindi, naye akaniambia "mzee, hii ilikuwa imeshaliwa". Nilishusha injini, nikaipakia kwenye bajaji hadi kwa fundi wa kerezo, akachonga uzi mpana zaidi na kunipa nati inayolingana nao. Tangu hapo hakuna mkono mwingine ulioigusa, wangu tu. Nilitukana wiki nzima. Weka hilo akilini, maana nitalirudia.

Tapeti, ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya valvu, nimezipima mwenyewe injini ikiwa baridi, asubuhi kabla ya kuwashwa: milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Kuna jirani, akisikia zinalia kidogo, ananishauri nizibane zinyamaze. Namwambia tapeti inayolia inakera masikio tu, lakini iliyobanwa ikanyamaza ndiyo inayounguza valvu, kwa kuwa valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake na joto halina pa kwenda. Kwa hiyo ukinisikia nakuja kama cherehani, ujue hali ni nzuri.

Tairi la nyuma ndilo nusura linidanganye. Meno yake yalikuwa kamili, nikafurahi kwamba nimeokoa hela. Kisha nikaona ubavuni pana nyufa nyembamba kama za kisigino cha kiangazi. Angalia tairi lolote pembeni, kuna tarakimu nne peke yake: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Langu liliandikwa 1811, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2011. Tairi kama hilo linaweza kukupeleka sokoni na kukurudisha kwa miaka mingi, lakini lami ya moto ya mchana kutwa, na mzigo juu, litapasuka. Ndipo nauli yako ilipoingia kazini. Nimebadili na tyubu, na gurudumu likiwa wazi nikagonga spoki moja moja kwa spana. Zinatakiwa zilie sauti moja. Saba zilijibu "bwe", nikazikaza. Bering za mbele zilikuwa na mchezo ukilitikisa gurudumu kushoto na kulia, nazo nimebadili.

Sasa sikiliza kisa cha Bagamoyo, maana ndicho kilichonitoa jasho.

Niliposhawishika kwamba iko tayari, Jumamosi moja nikajaza tangi nikaenda kuijaribu. Imetulia, inavuta, naimba ndani ya helmeti. Nimepita Bunju ikaanza kukohoa. Kufika Mapinga ikazima. Nikapiga kiki mpaka goti likauma. Nikakaa chini ya mkorosho kama dakika kumi, nikapiga tena, ikawaka kama haijawahi kuugua. Nikageuza. Baada ya kilomita kadhaa, ileile. Kila fundi niliyemsimulia alinipa jibu moja: koili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, inapata joto, inakufa, ikipoa inafufuka. Na kweli koili huwa na tabia hiyo. Nikanunua koili, nikanunua na plagi. Jumamosi ya pili nikazimikia Mapinga tena, karibu na mkorosho uleule, mama muuza mihogo akanikaribisha kwa jina.

Safari ya tatu, ikiwa imezima, nikasema ngoja nione petroli imebaki kiasi gani. Nilipolegeza tu mfuniko wa tangi, ukavuta pumzi: fyuuu! Nikapiga kiki moja, ikawaka.

Umeshaelewa? Mfuniko wa tangi una kitundu cha kuingizia hewa. Petroli ikishuka lazima kitu kiingie mahali pake, la sivyo inajivuta yenyewe na kugoma kushuka. Mpira wa mfuniko ulikuwa umekauka, nami kwa ujanja wangu nilikata mwingine kutoka kwenye tyubu ya zamani, duara safi kabisa, bila kuuacha wazi pale kwenye kitundu. Kukaa chini ya mkorosho kulikuwa kunaipa hewa muda wa kupenya taratibu. Nilitoboa mpira kwa msumari wa moto, kazi ya nusu dakika. Koili mpya nimeifungua nikairudisha ya Mzee, ambayo haikuwa na kosa lolote. Na yule kijana wa spana ndefu, niliyemtukana wiki nzima, nilimpitia nikamnunulia soda. Hakuelewa ni ya nini.

Ndiyo maana sikubali ushauri wa kubadilisha kila kitu kwa mkupuo kabla ya safari. Kila kipya ninachofunga ni kigeni hadi nikiendeshe. Kwa hiyo nabadili kitu kimoja, naendesha, nasikiliza, ndipo nagusa kingine. Cheni nilibadilisha pamoja na gia zake za mbele na nyuma, maana cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka inaliwa upesi, kisha nikaenda Kisarawe na kurudi. Shuu za breki, tena Kisarawe. Wiki iliyopita nilikwenda Chalinze na kurudi siku moja na mzigo wote umefungwa, ili nijue inavyoyumba ikiwa imelemewa. Iliyumba. Nimehamisha vyuma kutoka kwenye keria ya nyuma nikaviweka kwenye mfuko juu ya tangi, imetulia.

Vyuma vyenyewe si vingi. Spana za nati zilizomo kwenye pikipiki hii tu, sio seti nzima ya kujionesha. Ya plagi, bisibisi, plaizi, vyuma viwili vya kufungulia tairi, viraka na pampu. Tyubu mbili, kwa kuwa ya mbele na ya nyuma hazifanani. Kiungo cha cheni, plagi moja, ile koili ya hasara yangu, waya wa kufungia na tepu. Kebo mpya ya klachi sikuiweka mfukoni. Nimeilaza sambamba na ya zamani na kuifunga njia nzima, ncha zote mbili zikisubiri. Ikikatika Igawa usiku unaingia, sitafungua tangi wala taa, nachomoa hii nachomeka ile.

Njia unaijua vizuri kuliko mimi, lakini kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa inakuwa nchi nyingine. Karibu kilomita 900 mpaka mlangoni kwako, nimezigawa siku nne. Siku ya kwanza naishia Morogoro, kilomita kama 190 tu, makusudi, ili jioni niikague ikiwa bado na joto: nati gani imelegea, oili inavuja wapi. Pia sitaki kukatiza Mikumi jua likizama. Zile kilomita 50 za hifadhi nazitaka asubuhi, nikiwa naona mbali. Mwenye gari akikutana na tembo anapandisha kioo. Mimi nitapandisha nini?

Kitonga watu wananitishia bure. Kwenda ni kupanda, nitaweka gia ya pili nyuma ya malori na kuvuta subira. Ili injini isichemke, nasimama kwanza kununua vitunguu Ruaha Mbuyuni, ipoe kabla hata sijaanza kupanda. Kurudi ndiko kwenye hesabu. Breki zake ni za shuu mbele na nyuma, hazina diski, na ukizikalia mteremko mzima zinapata moto mpaka unabonyeza hazishiki. Kwa hiyo gia utakayopandia ndiyo ya kushukia. Mzee alikuwa akishuka hivyo vilima vya Rungwe na miche ya kahawa nyuma, unakumbuka mlio wake?

Kuanzia Iringa hadi Makambako nitakuwa kama mita 1,500 juu na kuzidi, hewa nyepesi, nguvu zitapungua na plagi itaanza kushika masizi kwa sababu kabureta bado inamimina petroli ya Dar es Salaam. Sitagusa kitu, nitaifuta tu. Usiku wa tatu nalala Makambako, na hapo ninachoogopa ni ule upepo wa Julai. Nimeazima koti la mvua la shemeji yako mdogo, na magazeti ya kuweka kifuani ninayo.

Bima na leseni ni hai, nimeangalia tarehe zote.

Natoka Jumatano ya tarehe 15, alfajiri, kwa hiyo Jumamosi jioni niwe kwako, na bado mna wiki nzima ya kunituma maji na kuni kabla ya harusi. Nikikwama siku moja au mbili, usianze kupigia hospitali simu. Nitakuwa chini ya mti mahali fulani, nafungua kitu. Mwambie shemeji ndizi zangu za mbalaga ziwe na nyama, na nimemfungia doti mbili za kanga katikati ya tyubu, asishangae zikinuka mpira.

Nitakupigia nikifika Uyole. Usitoke kunisubiri barabarani. Ukisikia cherehani inapanda kilima, ndiyo mimi, toka taratibu. Nakujua, utataka kuipanda papo hapo. Ekzosi bado iko kulia. Pandia kushoto.

Ndaga fijo,
Ni mimi, jirani yako wa dawati