Risala ya wahitimu wa uuguzi na ukunga kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na wageni wote, shikamooni. Tuliambiwa tuandike risala fupi, tukabishana usiku kucha tuseme nini maana historia ya chuo unaijua na idadi yetu imeandikwa kwenye hiyo ratiba uliyoishika, mwisho tukaamua tuongelee karatasi moja tu.

Karatasi yenyewe ni patografu. Inakaa na mama tangu uchungu umekolea mpaka amejifungua, na humo mkunga anaandika njia imefunguka sentimita ngapi, kichwa cha mtoto kimeshuka wapi, uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika 10, moyo wa mtoto unapigaje, maji ya chupa ni meupe au yameingia kijani, halafu presha, joto, mkojo. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Rhodesia ya enzi hizo, Zimbabwe ya leo, waliiongezea mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye mbali na daktari ashtuke mapema mama awahishwe. Mambo yamebadilika toka hapo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema uchungu wenyewe hasa tuuhesabu kuanzia sentimita 5, na mama asipofunguka sentimita 1 kila saa tusikimbilie kumtia kisu kwa hilo tu, na mwaka 2020 likatoa fomu mpya kabisa. Tumefundishwa zote, mtihani tumefaulu.

Sasa kiukweli mheshimiwa, shida ni saa ya ukutani. Moyo wa mtoto unatakiwa kusikilizwa kila dakika 15 mpaka 30, mama akianza kusukuma inakuwa kila dakika 5, na unasikiliza dakika nzima siyo kudokoa tu. Kuhesabu uchungu nako ni dakika 10 mkono uko tumboni, kila nusu saa. Ukiwa na mama wanne peke yako hizo ni dakika 40, na nusu saa ina dakika 30. Hatujaongeza hata moja, piga mwenyewe.

Ndo maana wengi wetu kwenye mafunzo tumeona patografu inajazwa mtoto ameshazaliwa ananyonya, na tuseme tu ukweli leo kwa kuwa vyeti viko mezani, wengine tumezijaza wenyewe. Nukta za moyo wa mtoto zimepangika vizuri, mapigo 140, 138, 142 kwa dakika, ukiiangalia utasema huyu mama alikuwa na mkunga wake peke yake. Mkaguzi anapiga tiki. Lakini karatasi ya namna hiyo haijamlinda mtu, ni kumbukumbu ya kitu ambacho hakikufanyika.

Kwa hiyo ombi letu siyo mashine. Mashine nzuri, tukipata tutashukuru, ila fetoskopu ya mbao, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, haijui umeme umekatika. Tunaomba mikono, hasa shifti ya usiku. Tunaomba saa zenye mshale wa sekunde kwenye kila chumba cha kuzalishia, kitu kidogo mno mpaka tunaona aibu kukitaja. Tunaomba mama aruhusiwe kuingia na mtu wake, dada au mume au yeyote anayemtaka, maana huyo ndo anayetuita mama akisema anasikia kubanwa haja kubwa wakati sisi tuko kitanda cha tatu. Na tunaomba zile plastiki zenye vipimo za kuwekwa chini ya mama akishajifungua. Sindano ya oksitosini yuniti 10, ya kuzuia mama asitoke damu nyingi, tunaichoma ndani ya dakika moja mtoto akishatoka, hiyo tunaimudu, ila damu iliyolowana kwenye shuka kila mtu anaikadiria kwa jicho na jicho karibu siku zote linapunguza, unasema mililita 300 kumbe 500 ilishapita zamani na hapo tayari ni hatari.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwenzetu mmoja kwenye wahitimu ana mimba ya miezi 8 na amekubali kwa hiari yake. Baada ya picha tunakukaribisha chumba cha mazoezi, fetoskopu ipo, usikilize dakika nzima bila kuongea na mtu.

Naomba kuwasilisha.