Wauzaji wa risasi, tuuzieni sanduku moja moja na mtuonyeshe namba ya loti

Mhariri,

Kila nikisema kwamba mimi hulenga shabaha kwa bunduki ndogo ya .22 (hicho ni kipimo cha upana wa mtutu kwa inchi), watu wa hapa Njoro hunijibu kwa kauli moja: huo mchezo ni wa wenye pesa. Sikubaliani nao, lakini najua wanakolitoa wazo hilo, na ndiyo sababu naomba nafasi katika safu yako. Kinachowashinda wachezaji wapya si bunduki. Bunduki ya .22 ikitunzwa hudumu miaka mingi, na klabu yetu inayo ya kujifunzia. Kinachowashinda ni risasi. Nimeona vijana wenye mkono uliotulia kuliko wangu, hasa wasichana, wakija kwa hamu msimu mmoja na kutoweka msimu unaofuata kwa sababu kila Jumamosi inawatoka pesa ambazo hawana. Wengi wangebaki kama wangeshauriwa vizuri kuhusu cha kununua, na kama wauzaji wangewauzia kwa utaratibu wa haki.

Risasi yenyewe ni ndogo. Inaitwa .22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887, na tofauti na risasi za bunduki kubwa, haina fataki katikati ya kitako. Unga wa kuwashia baruti umewekwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ganda likishapondwa halijazwi tena. Katika nchi nyingine walengaji wa bunduki kubwa huokota maganda yao na kuyajaza upya ili kupunguza gharama, lakini mlengaji wa .22 hana njia hiyo. Anachookoa, anakiokoa dukani.

Na dukani mchezaji mpya hukutana na ushauri wa aina mbili, wote mbovu. Wa kwanza humwambia anunue ile ya bei ya chini kabisa, maana ni mazoezi tu. Wa pili humwambia anunue wanayotumia mabingwa, kama vile Tenex ya kampuni ya Eley ya Birmingham, Uingereza, au zile za juu za Lapua zinazotengenezwa Schönebeck, Ujerumani. Wahenga walisema rahisi ghali, na kwa risasi za kumwagwa ovyo kwenye kopo la mamia hilo ni kweli: vichwa hugongana njiani vikapata mibonyeo, na risasi hutofautiana moja kwa nyingine. Lakini ghali nayo haina uhakika wa kukufaa. Unapolipia risasi ya bingwa, unalipia kazi ya kiwanda kuipima na kuichambua ili zote zilingane. Hiyo ni kazi halisi na ina thamani yake siku ya mashindano. Kwa mtu ambaye bado anajifunza kupumua na kubana kifyatulio bila kukivuta pembeni, makosa ya mkono wake ni makubwa mara nyingi kuliko makosa ya risasi yoyote nzuri.

Kuna daraja la katikati ambalo watu hulipita bila kuliangalia. Ni risasi za mwendo wa kawaida, zenye kichwa cha madini ya risasi kilichopakwa nta, uzito wa greni 40, yaani gramu 2.6 hivi. Humo mna CCI Standard ya Marekani, SK Standard Plus inayotoka Schönebeck huko huko zinakotoka za Lapua, na Eley Club. Bei yake ni sehemu tu ya bei ya zile za mabingwa, na kwa mazoezi ya mita 50 zinatosha kabisa.

Nasisitiza mwendo wa kawaida kwa sababu hapo ndipo wengi wetu hudanganyika. Mtu huona sanduku limeandikwa mwendo wa kasi akadhani amepata zaidi kwa pesa zake. Risasi ya mwendo wa kawaida hutoka mtutuni kwa karibu mita 325 kwa sekunde. Ile ya kasi hutoka kwa karibu mita 380. Sauti yenyewe husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ikipungua kidogo penye baridi na kuongezeka penye joto. Maana yake ni kwamba risasi ya kasi huanza ikiwa mbele ya sauti, halafu hewa huikaba na mwendo wake hushuka upesi hadi chini ya ule wa sauti, na inapovuka hapo hutikisika. Ile ya kawaida haivuki popote. Iko chini ya mwendo wa sauti tangu mwanzo, hata asubuhi za baridi za Nakuru. Hata upepo wa alasiri huipeperusha kidogo kuliko ile ya kasi, kwa sababu haipotezi mwendo mwingi njiani. Wengi hawaliamini hili hadi walione kwenye karatasi. Za kasi, hasa zenye tundu kichwani, zilibuniwa kwa kuwinda wanyama wadogo, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Sioni kwa nini mlenga shabaha wa Rongai au Kisumu azilipie.

Kinachotakiwa ni risasi zinazolingana. Hesabu yake si ngumu: risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa mita 15 kwa sekunde, kwenye mita 50 moja itatua karibu sentimita nzima chini ya nyingine, hata kama umelenga vilevile kabisa. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama za juu, kwenye shabaha ya kimataifa ya bunduki ya mita 50 lina upana wa milimita 10.4. Kwa hiyo sentimita hiyo moja inakutoa kwenye kumi na kukutupa kwenye tisa, nawe unaanza kurekebisha mkono ambao haukuwa na kosa. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya risasi mbovu: inakufundisha uongo.

Tena kila mtutu una tabia yake. Mimi nina duka la pembejeo, na hakuna mkulima mwenye busara atakayepanda ekari zake zote za ngano kwa mbegu ambayo hajaifunika kwenye kitambaa kibichi kuona kama inaota. Risasi nazo zijaribiwe hivyo. Nilipotaka kuamua nitumie ipi, nilikusanya sanduku moja la kila aina niliyoweza kupata. Nilikwenda uwanjani mapema kabla ya upepo, nikaketi kwenye benchi na kuegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Kila nilipobadili aina nilipiga kwanza risasi kadhaa za bure, kwa kuwa nta ya kila kampuni ni tofauti na mtutu huhitaji kuizoea. Kisha nikapiga makundi ya risasi kumi kumi, si tatu tatu, kwa maana tatu zinaweza kukaa pamoja kwa bahati. Nikapima kwa rula kutoka katikati ya tundu la pembeni kabisa hadi katikati ya lile lililo mbali nalo zaidi.

Karatasi hizo ninazo hadi leo. Aina ya bei ya juu ilinipa kundi la milimita 16. Aina ya Kijerumani ya bei ya katikati ilinipa milimita 17, tundu moja lenye kingo zilizochanika ambalo sarafu ya shilingi kumi inalifunika. Milimita moja! Ile ya bei ya chini, ambayo sitaitaja, ilitawanyika hadi milimita 40, na moja iligoma kuwaka. Hilo la kugoma si dogo. Unga wa kwenye ukingo usipoenea sawasawa, pini inaweza kugonga mahali pasipo na kitu. Ikitokea, acha mtutu ukielekea shabaha, subiri nusu dakika, ndipo ufungue. Mwenzangu mwenye bunduki ya aina ileile kama yangu alijaribu risasi zilezile, na yake ikapenda za Kiingereza kuliko za Kijerumani. Ndiyo maana simwambii mtu nunua hii, namwambia pima.

Si kila zoezi linahitaji risasi ileile pia. Ukiwa umesimama, mtikisiko wa mwili wako unameza tofauti zote ndogo, kwa hiyo risasi ya bei nafuu inayowaka kila mara inatosha. Ukilala kifudifudi, ambapo bunduki imetulia na mashindano ni risasi 60 mbali na za kujaribia, hapo ndipo tumia zile bora zaidi ulizo nazo. Na zoezi la kubana kifyatulio linaweza kufanywa bila risasi hata moja, bunduki ikiwa imekaguliwa mara mbili kuwa ni tupu. Kwenye .22 weka risasi bandia ya plastiki chemba, maana pini ikipiga patupu inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuuharibu. Nusu saa ya zoezi hilo jioni haimgharimu mtu chochote.

Sasa nije kwa wauzaji, maana hapa ndipo ninapoumia. Risasi za sanduku moja na za sanduku jingine, hata zikiwa za jina lilelile, huenda hazikutengenezwa pamoja. Kila sanduku lina namba ya loti, yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja. Mkulima anayenunua mbegu yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, huiona namba ya loti kwenye pakiti na hakuna anayemnyima. Mimi niliwahi kununua masanduku kwa muuzaji mmoja, aina ileile niliyokwisha kuipima, na nilipofika uwanjani bunduki yangu ikawa inapiga juu kidogo kwa sanduku moja na chini kwa jingine. Nilipoangalia nikakuta namba tatu tofauti. Niliporudi kuuliza, niliambiwa risasi ni risasi. Mwingine alikataa kabisa kuniuzia sanduku moja moja la aina tofauti. Ama nichukue katoni ya masanduku kumi, yaani risasi 500, ama niondoke. Kijana anayeanza atatoa wapi pesa za kununua risasi 500 asizojua kama bunduki yake itazipenda? Na cheti chake cha kumiliki silaha kimeandikwa kiasi cha risasi anachoruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Akijaza nafasi hiyo kwa risasi zisizomfaa, amefungiwa mlango hadi azimalize.

Ninachoomba ni kidogo. Muuzaji akubali kuuza sanduku moja moja la risasi 50 kwa anayetaka kupima. Asichanganye loti katika katoni moja, na aandike namba ya loti kwenye risiti. Mteja akirudi baada ya wiki mbili akitaka loti ileile, amwekee hata kwa malipo ya awali. Hayo hayamgharimu muuzaji ila uangalifu, na yatamletea wateja wa kudumu.

Klabu nazo zina sehemu yao. Wanachama kumi wakikubaliana juu ya aina moja, wanaweza kwenda kwa muuzaji siku moja na kuomba bei ya jumla ya loti moja, kila mmoja akinunua kwa cheti chake na kiasi chake. Si halali kumbebea asiye na cheti, wala kugawiana nje ya uwanja, na sitaki mtu anisome vibaya hapo. Klabu ihifadhi pia karatasi za majaribio za wanachama kwenye faili, ili mgeni aone bunduki kama yake ilipenda nini kabla hajatoa shilingi.

Msiache masanduku ndani ya gari juani pia. Nta huyeyuka, ikaganda upande mmoja, na risasi nzuri ikapoteza usawa wake. Na mkimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chapati, kwa sababu madini ya risasi ni sumu, hasa kwa watoto tunaowakuta nyumbani.

Kama kuna muuza silaha wa Nakuru, Eldoret au Kisumu ambaye tayari anauza sanduku moja moja na kuandika loti kwenye risiti, naomba ajitokeze katika safu hii. Klabu yetu itakuwa dukani kwake mwezi ujao.

Mlenga shabaha,
Njoro, Kaunti ya Nakuru