Barua ya wazi kwa majirani zangu wa kisima kimoja

Majirani na wanangu,

Nimeishi hapa Umoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, wala sijaona aibu kama ya Jumamosi iliyopita, pale watu wanaokunywa maji ya kisima kimoja walipokaribia kushikana mashati kwa sababu ya pampu iliyoungua.

Mwenyekiti alitamka shilingi 5,000 kwa kila nyumba, basi. Ni kweli kwamba shilingi 240,000 za pampu zikigawiwa nyumba 48 jibu ni hilo, lakini hatukuwekewa hesabu nyingine yoyote mbele yetu. Mama anayeishi peke yake katika chumba kimoja, na kuteka mitungi miwili kwa siku, aliambiwa atoe sawa na kijana anayeosha magari langoni tangu alfajiri, na alipouliza sababu akaitwa mkaidi. Nilikuwa mweka hazina wa chama kwa miaka 18, na sikuwahi kuitisha mchango kabla ya kuandika jedwali. Safu ya kwanza iwe ya kila nyumba sawa. Ya pili, kwa kadiri mita inavyosoma. Ya tatu, nusu kwa usawa na nusu kwa mita. Kisha ionyeshwe hali itakavyokuwa nyumba 12 zikikataa, kwamba 36 zitakazobaki zitabeba takribani 6,667 kila moja. Vijana mnazo simu za kupiga hesabu hizi kwa dakika chache, nanyi mnazitumia kusambaza vichekesho vya mkutano ule ule! Simu haitatuamulia, itatuonyesha tu tunachobishania.

Tarehe ya mwisho itajwe, na fedha zisipotimia zirudishwe. Risiti zibandikwe langoni. Faini ianze ndogo, ipande kwa anayerudia. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliliona hilo kwa jamii zilizodumu kugawana maji na misitu kwa kanuni walizojitungia.

Siwalaumu ninyi peke yenu. Nchi hii ilipewa neno harambee mwaka 1963, tukaligeuza jukwaa la wanasiasa kutangaziwa bahasha kwa kipaza sauti, hadi mwenye kidogo anaona haya kutoa.

Mama yule sijamwona kisimani tangu siku ile. Ananunua maji kwa mkokoteni. Mwenyekiti, mwanangu, mwendee kwanza. Nami nitapita na daftari kusoma mita zote 48 kabla hatujaketi tena.

Mzee wenu wa nyumba ya pembeni