Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Fedha Zikija, Zianze na Maji

Ndugu wanachama wa umoja wetu, wauzaji wa dagaa na migebuka, akina mama wa mawese, waendesha bodaboda na bajaji, wenye haisi na malori, wakulima wa mpunga wa bonde la Luiche mliojiunga nasi mwaka huu: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, habari za siku nyingi.

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti atoe taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Habari za michango na mahesabu atazisoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama hai anayo Katibu. Mimi naomba nitumie muda wangu karibu wote kwa jambo lililobeba mwaka mzima, yaani maombi ya Manispaa yetu ya Kigoma Ujiji kwa Serikali Kuu ya kupata fedha za barabara za mitaa, makalavati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) na madaraja, na kazi tuliyoifanya sisi ili maombi hayo yawe na uzito.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kuupinga ajiandae. Fedha zikipatikana, zianze na mitaro, makalavati na madaraja. Lami mpya ifuate. Najua wapo kati yetu wenye maduka ambao mwaka mzima wamekuwa wakiomba lami ipite mbele ya milango yao, na sina ugomvi nao. Lakini mwaka huu umetuonyesha sote kinachozibomoa barabara zetu.

Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikaendelea hadi 2024 hazikuwa ngeni kwa mji huu, ila zilikuwa nyingi na hazikupumzika. Mji wetu umekaa kwenye miteremko inayoshuka ziwani. Udongo wetu una mchanga mwingi, na maji yakishapata njia hayaiachi. Wiki ya kwanza ni mfereji mdogo ambao mtoto anauruka. Mwisho wa msimu ni korongo linalomeza bajaji. Mtu akiuliza kwa nini barabara ya mtaa wake imekatika, mara nyingi sababu haiko pale ilipokatikia. Iko juu zaidi, mahali ambapo mtaro umejaa mchanga na taka, maji yakakosa pa kupita, yakahamia barabarani na kuanza kuchimba. Ukirudishia moramu kwenye lile shimo la chini na kuuacha mtaro wa juu ulivyo, umeyapa maji moramu ya kubeba kwenda ziwani.

Na kweli inakwenda ziwani. Wavuvi wenzetu mnalijua hili kuliko mimi: mchanga unaoshuka na maji ya mvua unafunika mawe ya ukingoni, mahali samaki wengi wa Tanganyika wanapozalia na kupata chakula. Kwa hiyo korongo la Mwanga hapa mjini ni jambo la mwenye bajaji, na ni jambo la mwenye mtumbwi pia.

Upande wa chini nako tumebanwa na ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo. Mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo, maji yanapanda, na kushuka kwake huchukua muda mrefu. Wazee wetu wanakumbuka lilivyopanda miaka ya mwanzo ya 1960, na sisi tumeliona likipanda tena miaka hii. Kibirizi na mialo mingine mnajua hali ilivyokuwa. Barabara ya mwaloni inayojengwa leo kwa kipimo cha kina cha ziwa cha miaka ishirini iliyopita itakuwa chini ya maji kabla deni lake halijalipwa. Hili tumeliandika kwenye barua ya umoja wetu kuhusu maombi haya na naomba lisisahaulike.

Fedha hizi ni za nani

Mwaka huu nimesikia mara nyingi wanachama wakisema tunakwenda kuomba msaada. Naomba tuliache neno hilo. Kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa nchini ina tozo inayoingia Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita, na nyongeza hiyo ilielekezwa kwenye barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda anayejaza lita 3 kwa siku anatoa shilingi 300 kila siku kwa nyongeza hiyo peke yake, mbali na tozo iliyokuwapo kabla. Hakuna stakabadhi anayopewa na hakuna anayemshukuru. Anapodai kalavati, anadai kilicho chake.

Ila lazima tuelewe fedha hizo zinavyokwenda, maana wengi mnaniuliza kwa nini zisijenge daraja jipya mara moja. Sheria ya Mfuko inataka si chini ya asilimia 90 ya makusanyo yake ya kawaida iende kwenye matengenezo: kuchonga barabara kwa greda, kuziba mashimo, kuzibua mitaro. Sehemu ya kujenga vitu vipya ni ndogo. Ndiyo maana miradi mikubwa ya mji wetu imetoka kwingine. Mradi wa Miji ya Kimkakati ulioanza 2010, ambao Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa miji 7, uligharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Huu wa sasa wa TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, unaogusa miji 45, sisi tukiwa kundi la kwanza, nao ni mkopo. Mkopo tunaulipa sote, kwa hiyo kila mmoja wetu ana haki ya kuuliza lami inapita wapi na mtaro wake unamwaga maji wapi.

Jambo jingine linalotuchanganya ni nani mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Za mitaa na za wilaya, tangu 2017, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Halmashauri haina greda siku hizi, lakini madiwani ndio wanaosema ipi itangulie, na vipaumbele hivyo vinapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani na Bodi ya Barabara ya Mkoa kabla ya kufika TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na hatimaye Bunge la bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Anayekuja na malalamiko mwezi Mei amechelewa, mafungu yameshagawanywa. Mwenye hoja aanze Oktoba, mvua za kwanza zinapoanguka na ushahidi uko wazi barabarani.

Tulichofanya

Basi tulianza na ushahidi. Tuliwaomba wanachama wa kila mtaa wapige picha za mitaro na makalavati yao kabla ya mvua, wakati wa mvua na baada ya mvua, mahali pale pale. Tuliwaomba pia waandike siku ambazo gari halikupita, nauli ilipanda kiasi gani, na mzigo upi uliharibika. Nawashukuru sana vijana wa bodaboda wa Gungu na Katubuka kwa kazi hii. Madaftari yao yalikuwa safi kuliko tulivyotegemea. Akina mama wa mwaloni waliandika jambo ambalo ofisini lisingejulikana kamwe: migebuka ikikwama asubuhi moja tu kwa sababu ya kivuko kilichojaa maji, bei ya jioni haifidii hata barafu. Waliandika pia habari za wagonjwa waliobebwa kwa miguu hadi lilipo gari la kwenda Hospitali ya Maweni. Hayo nimeyasoma mwenyewe na yaliniumiza.

Madaftari hayo tuliyapeleka kwa watendaji wa kata, yakajadiliwa, yakaambatanishwa kwenye maombi ya Manispaa. Tulihudhuria pia vikao vya Baraza la Madiwani kama wasikilizaji, haki ambayo kila mwananchi anayo na wachache wanaitumia. Wahandisi walipokuja kupima, wanachama wetu waliwaonyesha alama za maji kwenye kuta za nyumba. Mhandisi mmoja alitueleza jambo ambalo tangu siku hiyo nimelirudia kila mahali. Bomba la kalavati lenye kipenyo cha milimita 900 lina uwazi zaidi ya mara mbili ya lile la milimita 600. Wengi wetu tulidhani limezidi kwa nusu tu. Kwa hiyo pale tunapoona kalavati lipo lakini barabara inakatika kila mwaka, huenda tatizo ni kipenyo, na kuzibua kila wiki hakutalimaliza. Tena penye mteremko, upande maji yanapotokea lazima pajengewe mawe ya kuyapokea, la sivyo yanachimba chini ya kalavati hadi linaning'inia. Mnayajua yaliyoning'inia, sina haja ya kuyataja.

Madaraja ya mawe

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nadhani ndiyo sehemu yenye matumaini makubwa kuliko zote. Mkoani kwetu, TARURA kwa ushirikiano na Ubelgiji kupitia shirika la Enabel ilijenga madaraja ya upinde kwa mawe. Kamati yetu iliomba kwenda kuyaona, tukayaona. Hayana nondo. Mawe yamepangwa kwa saruji katika umbo la upinde, na uzito wa gari unayabana mawe yenyewe kwa yenyewe mpaka chini kwenye msingi. Wakati wa kujenga kunawekwa kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, mawe yanapangwa juu yake, na upinde ukishashika kiunzi kinaondolewa na kwenda kutumika kwingine. Nondo za kushika kutu hakuna, kwa hiyo daraja likijengwa vizuri linadumu miaka mingi sana. Gharama yake ni ndogo kuliko ya zege, kwa sababu mawe yako hapa hapa na mafundi wa mawe tunao.

Fikirini maana yake kwa watu wetu. Daraja la zege linaleta saruji, nondo na mkandarasi kutoka mbali, na sehemu kubwa ya fedha inarudi ilikotoka. Daraja la mawe linamlipa mpasua mawe, mwenye tripa, fundi na kibarua wa hapa. Vivuko vingi vya mitaa yetu si vipana, na kwa vivuko vya namna hiyo sioni kwa nini tusubiri mradi mkubwa. Haya tumeyapendekeza kwa maandishi. Panapohitaji daraja refu la zege lijengwe la zege, wahandisi ndio wanaojua.

Sambamba na hilo, Sheria ya Ununuzi wa Umma inatenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kuzibua mitaro na kufyeka kando ya barabara ni kazi ambazo kikundi cha vijana wetu kinaweza kuzifanya na kulipwa. Lakini lazima kikundi kisajiliwe na kiingie kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, kwani zabuni zinatangazwa huko. Vikundi vyetu viwili vimeanza usajili. Vingine bado vinasubiri kuitwa, na hakuna atakayeviita.

Wajibu wetu

Sasa niseme la uchungu kidogo. Baadhi ya mitaro tunayolalamikia imefunikwa na vibanda vya wanachama wa umoja huu. Mingine imejaa maganda, mifuko na mabaki ya masoko yetu. Hatuwezi kwenda kuidai Serikali mtaro mpya huku tumekaa juu ya wa zamani. Kamati imezungumza na kila mwenye kibanda kwa heshima, wengi wameelewa na wamesogea. Waliobaki nawaomba wasogee kabla ya mvua zijazo. Hakuna atakayedhalilishwa, na yeyote mwenye shida ya eneo mbadala aje kwa Katibu tulitafute pamoja.

Kuhusu majibu ya maombi, hali ni hii: sehemu ya matengenezo ya dharura imepokelewa na kazi zimeanza katika baadhi ya mitaa. Maombi makubwa ya madaraja na mitaro mikuu bado yako kwenye ngazi za juu. Nimeulizwa kama nina uhakika yatapita. Nina uhakika na madaftari yetu, na maombi nitaendelea kuyafuatilia.

Kamati inaomba mkutano huu uamue mambo matatu. Kwanza, zoezi la picha na madaftari liwe la kudumu, kila mtaa uteue mtu wake leo kabla hatujatawanyika. Pili, umoja ulipe gharama za usajili wa vikundi vya vijana na akina mama wanaotaka kazi za barabara, kwa kiwango ambacho Mweka Hazina atakieleza. Tatu, ichaguliwe kamati ndogo, na ndani yake awepo angalau mwanamke mmoja wa mwaloni na mkulima mmoja wa Luiche, itakayokaa na wahandisi kila kazi inapoanza, ipewe nakala ya mchoro na vipimo, na ihesabu mabomba yanapoteremshwa.

Maswali nitayapokea baada ya mahesabu. Namkaribisha Mweka Hazina.