Sumukuvu kwenye chakula cha samaki: kwa nini tunarudisha magunia ya pumba

Kila masika tunapigiwa simu ileile: "Mbona chakula chenu kimepanda bei, na pumba zimejaa sokoni zinauzwa bei ya kutupa?" Swali ni la haki. Ila pumba zinazouzwa bei ya kutupa wakati wa mvua mara nyingi zina sababu ya kuuzwa hivyo, na sababu hiyo huioni kwa macho: ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu).

Sisi tunasaga na kuchanganya chakula cha sato na kambale hapa Mwanza. Tunatumia dagaa wa ziwani, uduvi, soya, pumba za mahindi na za mpunga, mashudu ya alizeti kutoka Singida na Dodoma, na mashudu ya pamba kutoka Shinyanga na Simiyu. Kuvu wanaotengeneza aina ya sumukuvu iitwayo aflatoksini, yaani Aspergillus flavus na ndugu yake Aspergillus parasiticus, hustawi vizuri kwenye vitu vya aina hiyo vikipata unyevu na joto. Na joto la kati ya nyuzi 25 na 35 wanalolipenda ndilo letu la karibu mwaka mzima.

Tuanze na pumba, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwenye punje ya mahindi, sumu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mashine ya kukoboa ikitoa sembe nyeupe, ganda na kiini vinakwenda kwenye pumba, na sumu inafuata hukohuko. Gunia moja la mahindi linaweza kutoa unga unaolika na pumba zisizofaa hata kwa samaki. Hapo bado hatujasema habari ya mahindi yaliyooza, ambayo yakichambuliwa ili yasiliwe na watu hayatupwi. Yanapewa jina la "ya mifugo" na safari inaendelea. Kwa mashudu ni hivyohivyo: alizeti ikikamuliwa, mafuta huondoka na sehemu ndogo tu ya sumu, iliyobaki inakaa kwenye mashudu, na mashudu ndiyo tunayoyanunua sisi.

Wateja wengine wanatuuliza, si mnapika? Ni kweli mashine ya chakula cha kuelea hupasha mchanganyiko kupita nyuzi 100. Kuvu wenyewe wanakufa. Aflatoksini waliyoiacha haifi nao, kwa sababu huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200. Mashine huipunguza, haiimalizi. Kuanika tena juani chakula kilichoota ukungu ni kazi ya bure kwa sababu hiyohiyo: ukungu utakauka na kupukutika, sumu itabaki.

Dunia yenyewe iliijua sumu hii kupitia chakula cha mifugo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuelewa, hadi ulipofuatiliwa ukakutwa kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Miaka hiyohiyo, Marekani, samaki aina ya trauti kwenye vituo vya kuzalishia walianza kukutwa na uvimbe wa saratani kwenye ini. Safari hii chanzo kilikuwa mashudu ya pamba. Trauti ni dhaifu mno kwa sumu hii, kiasi kwamba watafiti wamemtumia kwa miaka mingi kuichunguza. Mwenye bwawa la trauti kule kwenye baridi, Arusha au Nyeri, asijaribu kabisa kuchanganya chakula mwenyewe kwa pumba za sokoni.

Sato ni mgumu zaidi, na ugumu wake ndio unaotudanganya. Hafi. Utamwona anakuja juu ukimrushia chakula, anakula, anaogelea. Lakini chakula chenye sumu kikiendelea kwa wiki nyingi, ini linaanza kudhurika, kinga inashuka, na samaki anakula bila kuongezeka inavyotakiwa. Siku maji ya ziwa yakibadilika na hewa ikipungua, kizimba chako ndicho kinachoelea mizoga wakati cha jirani kimepona. Mfugaji atalaumu maji, atalaumu vifaranga, mara nyingine atamlaumu mlinzi kwamba anaiba chakula.

Piga hesabu ya mfano. Kizimba cha kuvuna tani 2, kwa kilo moja na nusu ya chakula kwa kila kilo ya samaki, kinahitaji kilo 3,000. Uwiano huo ukiharibika ukafika 1.9, unahitaji kilo 3,800. Zile 800 za ziada ni mifuko 40 ya kilo 20, umeinunua ili upate samaki walewale. Punguzo ulilopata kwenye chakula cha bei rahisi liweke pembeni ya mifuko hiyo, uone lipi kubwa.

Tunajua si kila samaki anayedumaa ana sumukuvu. Msongamano, protini ndogo na maji machafu vinadumaza pia, na pengine kwa wengi ndivyo vinavyoongoza. Usikubali mtu akuuzie dawa ya sumukuvu kabla hujahesabu samaki wako.

Sasa kwa mlaji, maana na wenye mabucha ya samaki wanatuandikia. Sumukuvu si jambo la kuchezea. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka aflatoksini kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Lakini angalia, hao wote walikula nafaka. Kwa samaki habari ni tofauti. Sumu akiimeza huenda zaidi kwenye ini, na kwenye mnofu hubaki kidogo sana, na hicho kidogo nacho hupungua haraka akihamishiwa chakula safi. Kwa hiyo sato wa kizimba aliyetolewa matumbo vizuri hatuna sababu ya kumwogopa, na anayesema "samaki wa kufugwa wana sumu" anawaharibia watu biashara bure. Ini na matumbo ya samaki ambaye hujui alilishwa nini, hayo usiyale.

Hatari tunayoiona sisi iko mlango wa nyuma. Mfuko umelowa, umeota ukungu, mfugaji anaona huruma kuutupa, anawamwagia bata. Bata, hasa vifaranga, ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka kuliko wote kwa sumu hii. Mwingine anampa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila aflatoksini B1, aina kali zaidi ya sumu hii, mwili wake unaibadili kuwa aina nyingine iitwayo M1, na ndani ya siku moja inatoka kwenye maziwa, yaleyale anayochemshiwa mtoto asubuhi. Kuchemsha hakusaidii. Chakula cha samaki kilichoota ukungu kifukie, mbali na kuku na mbali na zizi. Inauma, tunajua, lakini kifukie.

Huku kwetu, gari la pumba likifika hatuanzi kushusha. Kijana wetu anapanda juu na kuingiza mkono katikati ya gunia hadi kwenye kiwiko. Pumba kavu ni baridi na zinateleza vidoleni. Zilizoanza kuvunda zina joto ndani, na ukizivuta zinakuja kwa madonge yanayonuka kama nguo zilizofungwa mbichi. Gari la namna hiyo linageuza palepale. Likipita hapo, tunachoma kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, magunia ya juu, ya katikati na ya chini kabisa, tunachanganya tulichotoa, tunakisaga, tunakigawa hadi kibaki kidogo cha kupima. Kipimo ni cha ukanda, kinatoa jibu kwa dakika chache.

Kuchoma magunia mengi si mbwembwe. Sumukuvu haisambai sawasawa, inakaa kwa mafungu. Gunia moja safi, la pembeni yake halifai. Atakayekuonyesha cheti cha sampuli moja ya kiganjani kwa shehena ya tani 10 hajakuonyesha kitu. Kwa mahindi ya kula watu, kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa B1 peke yake. Sisi malighafi ikizidi mikrogramu 20 tunairudisha, na tunayoipokea tunaichanganya na nyingine safi zaidi. Masika tunarudisha magari mengi, tunafuata mashudu makavu mbali zaidi, na nauli hiyo ndiyo unayoiona kwenye bei.

Tunaweka pia udongo wa bentonaiti, ambao hunasa aflatoksini tumboni mwa samaki ili itoke na kinyesi. Unasaidia. Lakini kuna wauzaji wanaoupigia debe kwamba unamaliza sumu zote za kuvu, na hilo si kweli: fumonisini, sumukuvu nyingine ambayo nayo iko kwenye mahindi, udongo huo hauinasi vizuri hata kidogo. Ukiona kiwanda kinajisifia udongo kuliko malighafi, uliza malighafi wanainunua wapi.

Na kipimo chetu kinaishia getini. Chakula kinatoka hapa kikiwa na unyevu chini ya asilimia 12. Kinachofuata kiko mikononi mwako. Kwenye stoo, panga mifuko juu ya chaga, isiguse ukuta, na ya zamani itoke kwanza. Usirundike akiba ya mwezi kwenye jukwaa la kizimba chini ya turubai jeusi: mchana linachemka, usiku jasho linadondokea mifuko, na huo unyevu unatosha. Peleka cha siku mbili tatu, kingine kibaki nchi kavu. Mfuko uliofunguliwa ufunge kila unapomaliza kulisha.

Wateja wa visiwa vya Ukerewe na Kome, mnaopokea kwa boti, kagueni mifuko mwaloni kabla msafirishaji hajaondoka. Maji ya wimbi yakipenya kwenye mshono, ndani ya siku chache pembe ile inaanza kuganda. Mfuko uliolowa usiupokee na usiufungue. Upige picha ionekane namba ya toleo iliyo chini ya mshono, tutumie siku hiyohiyo, na boti inayofuata itakuletea mwingine.